Mgongo wa Mke wa Fundi Majamvi

Hospitali ya Chemchemi, milimani
14 Aprili 1984

Kaa wangu,

Nimefika. Tsukada muuza pombe aliendesha kile kigari chake kama kapakia maboga. Kila shimo lilinipanda kutoka kisigino cha kushoto hadi kiunoni. Nilipomwambia apunguze mwendo akasema, "Fundi Momose, hata nikikubeba kwenye mto wa hariri utalalamika." Akirudi huko usimkaribishe chai.

Wamenipiga picha. Daktari kanionyesha: diski moja kati ya pingili za chini imetokeza nje na inabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kwa hiyo naumwa kweli, nina picha. Wewe miaka yote hii unajipinda na kwenda ubavu kama kaa wa mtoni ndani ya nyumba yangu na hujawahi kuwa na picha.

Hawapasui. Wanasema nitatibiwa kwa maji ya moto na mazoezi, na wamenipa msichana wa tiba ya viungo, anaitwa Yanagida. Anaweza kuwa mdogo kuliko Mineko wetu. Jana alinilaza sakafuni, juu ya tatami, majamvi manene ya kushonwa kwa mashine, pindo zimeachia pembeni. Nikamwambia mtu anayelazwa juu ya tatami za namna hii hawezi kupona. Akasema, "Basi pona upesi uje uzishone upya."

Majamvi ya ule ukumbi wa juu wa hekalu bado wanayataka kabla ya mwaka mpya. Wewe shona pindo tu. Kubeba majamvi mazito vile waachie vibarua. Sikuhurumii, ila utaangusha. Na ukipita mbele ya wateja jitahidi kunyooka, watu wasije wakadhani nakupiga.

Kula vizuri. Nikirudi utanibeba mgongoni kwenda bafuni kama ulivyonibeba mwezi uliopita, na sitaki unitikise vile tena.

Mumeo,
Momose Isokichi


Iiyama
22 Aprili 1984

Baba Mineko,

Salamu nyingi. Theluji ya mwisho imeporomoka kutoka paa la nyuma, na juzi nimeona maua ya manjano kando ya mto. Namshukuru Tsukada kwamba ulifika mzima.

Pindo nashona. Vibarua wanabeba.

Unasema msichana alikulaza sakafuni. Alikulaza vipi? Chali au kifudifudi? Magoti yalikunjwa au yalinyooka? Samahani kwa kuuliza. Asubuhi ninapofukiza ubani mbele ya mababu napenda kuwaeleza mateso yako sawasawa, wasije wakaombea kiungo kingine.

Mkeo,
Shigeno


Hospitali ya Chemchemi
3 Mei 1984

Kaa,

Umeanza kupata akili uzeeni. Hapa hakuna anayeniuliza ninavyoteseka, wanauliza tu kama nimepata choo. Basi sikiliza, ukawaeleze mababu.

Asubuhi wananiwekea mfuko wa moto kiunoni mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Kisha binti anasema, "Mzee, lala chali. Kunja magoti, nyayo sakafuni." Hapo natakiwa nivute kitovu ndani, kiuno kikandamize sakafu kiasi kwamba hawezi kupitisha kiganja chini yake. Nishikilie hivyo huku napumua. Nikibana pumzi ananigonga paji la uso kwa kidole. Mimi, ambaye abati, mkuu wa hekalu, ananiinamia.

Baada ya hapo nanyanyua makalio taratibu mpaka mwili unakuwa kama daraja, kisha nashusha, pingili moja baada ya nyingine. Ananigeuza kifudifudi, nijiinue kwa viwiko kama mjusi anayeota jua, nyonga zikibaki chini. Halafu viganja na magoti, nipinde mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, nilegeze, nipinde tena. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha jirani anafanya yote hayo huku anatabasamu. Mwisho bwawani, maji ya moto hadi kifuani, kwenda na kurudi kwa hatua ndefu, macho mbele.

Nikamwambia, "Binti, mke wangu ana mgongo mbovu kuliko huu na hajawahi kulala kama mjusi." Akaniuliza, "Alitibiwa wapi?" Nilicheka mpaka nikaumia.

Isokichi


Iiyama
24 Mei 1984

Baba Mineko,

Salamu. Mashamba yote huku chini yamejazwa maji, wanapanda mpunga.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Naomba uniambie machache zaidi. Maumivu yakitoka mguuni yakarudi juu kiunoni, binti anasema ni heri au ni shari? Lile zoezi la mjusi linafanywa wakati maumivu yapo, au mtu anasubiri yatulie? Na paka anapopinda mgongo, pumzi inaingia au inatoka?

Siku hizi nalala juu ya tatami tupu, bila godoro. Nimeona si haki nilale pazuri na wewe unalazwa sakafuni.

Shigeno


Hospitali ya Chemchemi
1 Juni 1984

Kaa,

Yakirudi juu ni heri, anasema, maana mshipa umeanza kuachiwa. La mjusi linafanywa hata kama yapo, ila ukiona yanakimbilia mguuni unaacha. Pumzi inatoka. Kuna kingine utacheka ukisikia: anataka nijifunze kuokota kijiti. Miguu ipanuke, magoti yakunjwe, kifua kibaki wima, kijiti kiletwe karibu na tumbo ndipo mtu asimame. Nimenyanyua majamvi tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, leo nafundishwa kuokota kijiti.

Ila nimegoma. Maumivu ni makali na yule mwalimu ananicheka pembeni. Nimemwambia binti kwamba kuanzia sasa nataka mfuko wa moto tu, mengine afanye yeye. Hali yangu unaijua kuliko yeye. Wewe unaonaje?

Isokichi


Hospitali ya Chemchemi
Idara ya Tiba ya Viungo
9 Juni 1984

Mama Momose,

Shikamoo. Mimi ni Yanagida Kazue, ninayemhudumia mumeo. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana.

Mzee alianza vizuri. Wiki za mwanzo maumivu ya mguu yalipungua na aliweza kutembea bwawani bila kushikwa. Sasa amekataa kushuka kitandani. Nimembembeleza, daktari amemfokea, hakuna kilichosaidia. Tatizo ni kwamba misuli ya tumbo na ya mgongo isipotumika inanyauka haraka, hasa kwa mtu wa umri wake, na hiyo ndiyo inayoshikilia pingili. Akiendelea hivi mpaka majira ya baridi, sitaweza kuahidi kwamba atatembea tena bila msaada. Akifanya mazoezi, naamini atatembea.

Anakusikiliza wewe. Barua zako anaziweka chini ya mto na anawasomea wenzake wodini. Tafadhali mwandikie umtie moyo.

Jambo jingine: alinieleza kwamba ulikuwa unambeba mgongoni. Usifanye hivyo tena, Mama. Utaumia.

Wako,
Yanagida Kazue


Iiyama
17 Juni 1984

Bi Yanagida,

Nakushukuru kwa kumvumilia mume wangu. Ni mtu mgumu na najua anakusumbua. Barua yako nimeielewa vizuri. Leo hii hii ninamwandikia.

Nina swali, kama hutaona nakuchosha. Jirani yangu mmoja alianguka ngazini zamani akiwa kijana, na tangu siku hiyo anatembea amepinda. Hakupelekwa hospitali. Amesikia kwangu habari za mazoezi yako na ameanza kuyafanya mwenyewe nyumbani. Anasema asubuhi anaweza kufikia rafu ya juu ya kabati, kitu ambacho alikuwa amekisahau. Je, kwa mtu aliyekaa muda mrefu hivyo, hayo ni kweli au anajidanganya? Na akitaka kunyanyua mzigo mzito, aupandishe vipi ngazini?

Shigeno


Iiyama
17 Juni 1984

Baba Mineko,

Salamu. Umeniuliza ninaonaje, nami nimekaa nikafikiri kabla ya kujibu.

Binti huyo ameniandikia. Anataka nikulazimishe. Nilisikitika sana kusoma kwamba mtoto wa juzi anamgonga fundi mkuu paji la uso na kumtambaza kama mjusi mbele ya mwalimu wa shule. Wewe umefanya kazi maisha yako yote. Mwili wa mwanamume wa namna hiyo unadai kupumzishwa, hauhitaji kuchezewa. Vijana wamesoma vitabuni, hawajawahi kunyanyua jamvi.

Usikubali. Lala. Wakileta chakula kitandani, kula kitandani. Bwawa nalo uliache, maji ya moto kila siku yanalegeza mifupa, hata marehemu mama yako alikuwa anasema. Wakikufokea, waambie mkeo anakungoja nyumbani na atakubeba popote utakapotaka kwenda.

Usijali kuhusu mgongo wangu. Mwenyewe unasema hauna picha.

Mkeo,
Shigeno


Hospitali ya Chemchemi
2 Julai 1984

Mama Momose,

Asante kwa kumwandikia. Sijui ni kwa nini, lakini bado hajashuka kitandani. Amezidi kuwa mkali. Pengine neno lako litamwingia polepole.

Mwambie jirani yako hajidanganyi. Mwili unasamehe kuliko tunavyodhani. Aendelee, aongeze kutembea kila siku na asikae amepiga magoti kwa muda mrefu. Kuhusu mzigo: autazame kwanza, ausogelee, akunje magoti, akaze tumbo kama alivyojifunza akiwa chali, aukumbatie, kisha miguu ndiyo inyanyue. Asijipinde kiuno akiwa nao. Akitaka kugeuka, ageuze nyayo. Ngazini, wakiwa wawili, yule wa chini ndiye anayebeba uzito wote. Asikubali kuwa wa chini mpaka awe imara kabisa.

Nampongeza sana. Ningefurahi kama ningekuwa na wagonjwa wa aina yake.

Yanagida Kazue


Hospitali ya Chemchemi, wodi ya nyuma
5 Septemba 1984

Kaa,

Wamenihamisha. Hii wodi ya nyuma ni ya wasiotarajiwa kupona. Dirisha linatazama jiko, na wazee wawili waliomo hawajui majina yao. Nikikaa kitako chumba kinazunguka. Mapaja yangu yamekuwa kama vijiti vya kulia chakula. Jana muuguzi alinigeuza kama anageuza mkate wa wali kwenye kikaango, wala hakuniangalia usoni.

Nimefuata uliyoniambia, nimepumzika, na sioni nafuu. Labda nafuu itakuja nyumbani. Mwambie Tsukada aje anichukue kabla ya theluji. Utaniwekea kitanda katika chumba cha nyuma ya karakana, niwe naona kazi na kukusahihisha. Utanilisha, utanigeuza, utanibeba bafuni. Mchana utashona na usiku utanikanda. Hivyo ndivyo tutakavyoishi mpaka mmoja wetu afe, na kwa jinsi ulivyo, nadhani ni wewe.

Isokichi


Hospitali ya Chemchemi, wodi ya nyuma
7 Oktoba 1984

Shigeno,

Leo sikuiti Kaa. Utaona kwa nini.

Tsukada amekuja, kaleta zabibu. Kaketi kwenye kiti, anamenya, anazungumza mambo ya watu. Nikamuuliza, "Yule mke wangu hajambo? Bado anatembea ubavu ubavu?" Akanitazama kama mtu anayeambiwa jambo la mwaka juzi. Akasema, "Mama Mineko? Mama Mineko kanyooka kama mwanzi. Juzi nilimkuta anapandisha jamvi ngazini kwa Shimizu, yule mteja wenu, begani, peke yake. Anaimba."

Nikamwambia kalewa. Akaapa kwa jina la babaye. Akasema vibarua umewaondoa tangu Agosti, na wateja wanasema mshono wako unakaza kuliko wangu.

Alipoondoka nililala nikitazama dari, nikazikumbuka barua zako zote. Chali au kifudifudi. Pumzi inaingia au inatoka. Mababu. Mimi nilikuwa nakuandikia dawa kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe unaimeza, halafu unaniambia lala, Baba Mineko, pumzika, kula kitandani.

Asubuhi nimemwita binti nikamwambia anishushe sakafuni. Alidhani naweweseka. Nimefanya chali, nimefanya daraja, nimefanya mjusi. Nimelia kwa maumivu mbele yake na mbele ya wale wazee wasiojua majina yao, na sikuacha. Kesho nitafanya tena. Kila nikinyanyua kiuno nakuona wewe unaimba. Miaka yote hukuwahi kuimba nyumbani kwangu.

Ngoja nije nikusikie.

Momose Isokichi


Hospitali ya Chemchemi
15 Oktoba 1984

Mama Momose,

Mumeo amenipa barua yako ya tarehe 17 Juni niisome. Nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Siku hiyo hiyo uliniandikia mimi na kunishukuru.

Jirani ni wewe. Ningelijua, ningekufundisha kwa moyo mmoja, na bado ningekuomba umwache mume wako apone. Nimekwenda kitandani kwake kila siku tangu Juni nikijiuliza nimekosea wapi. Miezi yote hii nimewaza pengine kazi hii siiwezi.

Sasa anafanya mazoezi kama mtu anayemkimbiza mwizi. Sijawahi kuona kitu kama hicho na hakinifurahishi. Lakini anasimama. Kwa mwendo huu ataruhusiwa Desemba.

Naandika haya kwa sababu ni wajibu wangu, na nimemweleza yeye vilevile. Atatembea, atashona, ataishi vizuri. Asibebe kitu chochote kizito, hasa ngazini, kwa mwaka mzima ujao. Diski yake ni kama mlango uliorudishiwa bila kufungwa. Ikitoka safari hii itabana mishipa yote ya chini, na hapo hata kisu hakitasaidia. Mfundishe kukaa, mzuie kubeba. Nakuomba kama binadamu.

Wewe ni mtu wa namna gani?

Yanagida Kazue


Iiyama
22 Oktoba 1984

Bi Yanagida,

Maagizo yako nimeyasoma na nimeyaelewa yote.

Umeuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Tulikuwa tunapandisha majamvi ukumbi wa juu wa hekalu, theluji imeganda kwenye viatu. Mimi nilikuwa wa chini. Niliteleza, na jamvi likanishukia kiunoni. Mume wangu alishuka, akanivuka kama anavyovuka gogo, akaenda kutazama kama pindo limechafuka. Lilikuwa limechafuka. Alinifokea nikiwa chini, kisha akasema amka.

Niliamka. Kesho yake sikuweza kusimama wima, na mwezi uliofuata pia sikuweza. Nilipoomba kwenda kwa daktari alisema mgongo wa mwanamke unaumwa kwa umbea. Wateja wakija alikuwa ananiita nilete chai, na nikitoka jikoni nimepinda, natembea ubavu, anapiga makofi kufuata hatua zangu. "Kaa huyo anakuja na chai." Wateja walikuwa wanacheka, wengine kwa heshima tu. Mineko alikuwa na miaka minne. Alidhani ni mchezo wa baba na mama, akaanza kutembea hivyo nyuma yangu, na baba yake akampigia makofi na yeye.

Mineko aliacha kuja nyumbani alipoolewa. Anasema akiniona anasikia yale makofi.

Kwa hiyo ninasikitika kuhusu wasiwasi uliokupata kazini. Hilo sikulifikiria, na naomba radhi. Kazi yako unaiweza. Mimi ni ushahidi.

Momose Shigeno


Kadi ya posta, Hospitali ya Chemchemi
10 Desemba 1984

Jumamosi nateremka kituoni kwa miguu yangu. Usije kunipokea. Jamvi la mwisho la hekalu usilipeleke mpaka nije.

Isokichi


Iiyama
19 Januari 1985

Bi Yanagida,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Theluji imefika madirisha ya juu, na barua hii sijui itakufikia lini.

Nadhani habari umezipata kutoka hospitali ya mkoa, maana waliniambia watakuomba faili lake. Lakini wao wanaandika ya hospitali tu, na wewe ulimhudumia kwa muda mrefu, kwa hiyo nakueleza.

Alikuja Jumamosi kama alivyosema. Alitoka kituoni mpaka nyumbani kwa miguu, bila fimbo, kifua mbele. Nilimwona kwa mbali katika theluji na sikumtambua, kwa sababu zamani alikuwa anatembea ameinama. Umefanya kazi nzuri sana. Aliingia karakana, akanikuta nimesimama na jamvi begani. Tulitazamana. Tulikuwa na urefu mmoja, jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Akasema, "Imba." Nikasema, "Nina kazi." Nikampita.

Hakunipiga. Naona ulitaka kuniuliza. Alikaa siku zile zote kwenye kigoda karibu na mlango, ananitazama nikinyanyua na kushusha. Asubuhi alikuwa anafanya mazoezi yake upande mmoja wa ukuta na mimi yangu upande wa pili. Nilikuwa namsikia akipumua. Anatoa pumzi vizuri anapopinda.

Siku ya kukamilisha ukumbi wa hekalu alikuja. Walikuwapo abati, Tsukada, mafundi seremala na watu wengi wa mtaa, wanafagia kwa ajili ya mwaka mpya. Vibarua nilikuwa nimewaita tena wawili kwa siku hiyo, ila mmoja alikuwa juu anapanga. Limebaki jamvi moja, la pembeni, zito kwa sababu majani yake yalikuwa mapya. Nikalishika upande wa juu. Mume wangu akavua koti.

Mimi nikamwambia, kwa sauti, watu wote wasikie, kwa sababu ulinipa jukumu la kumzuia: "Baba Mineko, hapana. Bi Yanagida kakukataza. Wewe kaa pale kwenye jiko la makaa, unywe chai, utuachie sisi tunaoweza." Tsukada akacheka. Seremala mmoja akasema, "Msikilize mkeo, fundi, usije ukavunjika." Wengine nao wakacheka, si sana.

Nilijua asingeweza kukaa baada ya hapo. Ninakuandikia hivyo kwa sababu ungejua hata nisipoandika.

Alishika upande wa chini. Alikunja magoti, akakaza tumbo, akalikumbatia, kama ulivyotufundisha. Tulipanda vizuri mpaka pale ngazi zinapokata kona. Pale wa juu lazima asimame ili wa chini ageuze nyayo. Nilisimama. Akageuza nyayo za kulia na kushoto, sawasawa kabisa. Akaniambia, "Endelea." Sikuendelea mara moja. Akasema tena, "Shigeno, endelea," na uzito wote ulikuwa umemlalia yeye, upande wangu ulikuwa mwepesi. Nilihesabu pumzi zangu, taratibu, kama tunavyofanya chali. Aliposema, "Tafadhali," nikapanda.

Nadhani diski ilikuwa imekwisha kutoka. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye ngazi, akauliza miguu imekwenda wapi.

Daktari wa mkoa alimpasua jioni ile ile. Anasema mishipa ilibanwa mno. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu, na haja zote ni za kusaidiwa. Wamemrudisha juzi kwa kigari cha kuteleza kwenye theluji. Nimemwekea kitanda katika chumba cha nyuma ya karakana, alivyotaka. Mineko amepiga simu dukani kwa Tsukada kuuliza. Atakuja majira ya kuchipua na mtoto wake.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike. Ni mtu mzito, hawezi kujisaidia hata kidogo, na natakiwa kumgeuza mchana na usiku asipate vidonda. Jana nilijaribu mwenyewe na nikasikia kitu kiunoni, kidogo tu, lakini nilikijua. Mgongo wangu nimeupata kwa shida na ningependa ubaki hivi. Tafadhali nieleze mtu anapiga goti wapi, anashika wapi, na anavuta kwa upande gani. Andika kwa urefu, kama ulivyoandika kuhusu mzigo. Nitafuata kila neno.

Anaita. Nitakwenda nikimaliza kubandika stempu.

Wako,
Momose Shigeno